Watoto wa Mtumbwi Mkavu

Asubuhi, mitumbwi ya chisense, wale dagaa wa ziwani, inaporudi kijijini Kabuta, kila mwanamke wa ufukweni huhitaji mikono mitatu. Mkono mmoja wa kubeba beseni la samaki, wa pili wa kuonyesha bei, wa tatu wa kushika mtoto. Kwa kuwa Mungu alitoa miwili tu, watoto walipelekwa kwa mama mmoja aliyeitwa kwa heshima Ba Ireen.

Ba Ireen alikuwa na mtumbwi mpana wa mbao, wa marehemu mumewe. Ulikuwa umeoza chini, haufai tena majini. Aliuburuta hadi uani, akautandika magunia, akafunga kitenge juu yake kiwe kivuli. Akina mama walipofika, waliwapitisha watoto juu ya ukingo na kuwaweka ndani. Kuta za mtumbwi zilikuwa ndefu. Hakuna mtoto aliyeweza kupanda atoke.

Mgeni angecheka. Watu wa Kabuta hawakucheka. Mwaka uliotangulia, mtoto wa jirani alitambaa hadi majini wakati mama yake anaanika samaki. Walimkuta amekwisha kufa. Tangu hapo kila mama alitaka mahali ambapo ziwa halitamfikia mwanawe.

"Kwa Ba Ireen watoto hawalii," watu walisema.

Na kweli hawakulia. Walikula uji, wakakaa. Wakichoka kukaa, walilala. Ba Ireen aligeuza samaki wake kwenye kichanja, akajiona mlezi hodari.

Siku moja Berthe alikuja kumchukua binti yake, Bénie. Berthe ni Mkongomani, mchuuzi wa samaki kutoka Kilwa ya Kongo, ng'ambo ya ziwa. Siku hiyo hakuwa na haraka, na hilo lilimshangaza Ba Ireen.

"Mama Ireen, nikuulize. Huku kwako Bénie anasemaka nini?"

"Asema nini? Ametulia. Mtoto mzuri."

"Mutoto iko na miaka mbili na nusu. Hata 'mama' hasemi. Dada yangu anasema ni luga mingi: Kibemba, Kiswahili, Kifaransa. Eti kichwa imejaa. Mama yangu anasema ni mambo ya ziwa, mizimu ya maji. Anataka nimupeleke Kilwa, akae naye kule. Bon, mimi sijui. Lakini bwato ya mwisho wa mwezi, nitamupeleka."

"Na wewe utabaki huku?"

"Nifanye nini? Kazi iko huku."

Berthe alimfunga mtoto mgongoni, akaondoka akifuta jicho kwa ncha ya kitenge. Ba Ireen alibaki na samaki mkononi. Mtoto asiyesema, naye anashinda kwake kutwa. Kwa nini hasemi?

Katika juma hilohilo, pikipiki ilisimama uani. Dada mmoja aliteremka, kofia ya chuma mkononi. Jina lake Tamara, mfanyakazi wa ofisi ya maendeleo ya jamii, mwenyeji wa Chienge.

Ba Ireen hakumkaribisha kiti. "Umekuja kunifungia?"

"Awe, mayo! Hapana, mama! Nikikufungia, hawa watoto nitawapeleka wapi? Kwenye pikipiki?"

Ba Ireen alitaka kukunja uso, akacheka. Kiti kikaletwa.

Tamara alieleza. Serikali iliona kwamba wanawake wengi wanalea watoto wa wenzao bila msaada wowote. Sasa kulikuwa na mafunzo ya walezi mjini Nchelenge, bila malipo. Mlezi akimaliza, anapewa mikeka na ndoo ya maji yenye bomba. Kisha ofisi inamtembelea mara kwa mara, kuona kazi inakwendaje na kumsaidia anapokwama.

"Mafunzo ya kulea?" Ba Ireen aliuliza. "Mimi nimezaa sita."

"Ndiyo maana tunakutaka. Una mengi ya kuwaambia wengine." Tamara aliutazama mtumbwi. "Mayo, nikuulize kitu. Umewahi kukaa humo?"

"Mimi? Nikae humo nivue nini?"

Tamara alitabasamu, akavaa kofia yake, akaenda zake.

Swali hilo halikuondoka na pikipiki. Ba Ireen aligeuza samaki. Akaosha sufuria. Akautazama mtumbwi. Mwishowe alipandisha kitenge chake magotini, akapitisha mguu mmoja juu ya ukingo, kisha wa pili, akajibwaga katikati ya watoto.

Jirani yake, Mukuka, alikuwa akipita na kuni. "Ba Ireen! Wavua nini humo? Ukipata perege mkubwa, nikumbuke!"

"Pita na kuni zako!"

Alitazama huku na huku. Kulia, ubao. Kushoto, ubao. Juu, kitenge na kipande cha anga. Ziwa halikuonekana. Kuku walisikika, lakini hawakuonekana. Hata yeye mwenyewe, kama angekuwa pale kwenye kichanja chake, asingeonekana. Alikaa kidogo tu, akahisi usingizi.

"Kumbe ndiyo maana wanalala," alijisemea.

Mara nkwazi, yule tai mla samaki, akapita juu. Bénie alinyanyua kidole. Hakutoa sauti. Alimtazama Ba Ireen usoni, akangoja.

"Nkwazi," Ba Ireen alisema.

Mtoto akamtazama mdomo. Akaonyesha tena, ingawa ndege ameshakwenda.

"Nkwazi. Ameruka. Amekwenda kula samaki."

Bénie akaonyesha kitenge. Akaonyesha sikio la Ba Ireen. Akaonyesha ubao. Kila mara alingoja jibu. Ba Ireen alijibu hadi mate yakamkauka. Mtoto huyu alikuwa akiuliza siku zote. Aliuliza kwa kidole, na hakukuwa na mtu wa kumjibu.

Jioni Berthe alipokuja, Ba Ireen alimshika mkono. "Mama Bénie, usimpeleke bado. Kwanza tumpeleke kiliniki, wampime masikio. Halafu nipe muda. Naenda kusoma."

"Kusoma? Weye?"

"Mimi. Cheka, ukimaliza uniambie."

Berthe hakucheka. "Nitangoja kidogo. Lakini kama haibadiliki, anaenda."

Kiliniki, muuguzi alitikisa njuga nyuma ya kichwa cha Bénie. Mtoto akageuka mara moja. Akapimwa kwa njia nyingine pia. Masikio yalikuwa mazima. Muuguzi aliagiza arudishwe baada ya miezi michache, atazamwe tena.

Kwenye mafunzo, Ba Ireen aliuliza maswali mpaka wenzake wakalalamika. "Mayo, tuachie na sisi swali moja!"

Mwalimu wao alileta mpira wa makaratasi. Akamrushia Ba Ireen. Ba Ireen akaudaka, akaushika.

"Mbona hurudishi?" mwalimu aliuliza. "Mazungumzo na mtoto ni hivi. Yeye anarusha, wewe unarudisha. Usiporudisha, ataacha kurusha."

"Na asiyejua kusema, anarusha nini?"

"Macho. Kidole. Kilio. Kicheko. Vyote ni mpira."

"Na lugha nyingi je? Zinamjaza kichwa?"

"Hapana. Mtoto anaweza kujifunza lugha tatu, mradi watu waseme naye. Kila mmoja aseme ile anayoijua vizuri."

"Lakini mimi nina samaki wa kugeuza. Sina nafasi ya kuimba kutwa."

"Nani amekwambia uimbe? Ukigeuza samaki, mwambie unageuza samaki. Ukimwosha mkono, taja mkono. Kazi ni ileile, ongeza mdomo."

Walijifunza pia kuosha mikono kabla ya kulisha, kutompiga mtoto, na kutomwachia mlezi mmoja kundi zima la watoto. Walijifunza kwamba mtoto mtulivu mno si lazima awe mtoto mwema. Huenda amechoka kungoja.

Aliporudi, aliwaita akina mama, akawaambia watoto watatoka mtumbwini. Hapo palikuwa na vita.

"Ukiwatoa kwenye mtumbwi, wataingia majini!" alisema Memory, dada wa yule mama aliyefiwa na mtoto ziwani.

Ba Ireen hakumjibu kwa ukali. "Hofu yako ni yangu, mayo. Ndiyo maana hatutawaachia wazi. Tutajenga ua."

Tamara alikuja kuonyesha namna. Wavuvi walikata nguzo na matete. Ua ulizunguka uwanja wote, mlango ukageukia njia, si ziwa, na kitasa kikawekwa juu. Mukuka, yule wa kuni, naye alikwenda mafunzoni. Wakawa walezi wawili, mmoja daima akiwa na watoto, hata samaki waungue. Seremala Rodwell alikata ubavu mmoja wa mtumbwi, watoto waingie na kutoka wapendavyo.

Memory alitikisa nguzo moja baada ya nyingine kwa mikono miwili. Hakuna iliyocheza. Ndipo alipomleta mwanawe.

Punde uani kukawa na zogo. Makopo yaligongwa, mchanga ulimwagwa, watoto walilia na kucheka.

"Ba Ireen, siku hizi kwako ni soko," mvuvi mmoja alisema.

"Ndiyo. Na bidhaa ni nzuri."

Bénie hakusema siku ile ya kwanza, wala mwezi ule wa kwanza. Berthe alikuja kila jioni na uso wa kuuliza, na Ba Ireen alitikisa kichwa. "Anarusha sana. Mrudishie na nyumbani, kwa Kiswahili chako." Boti ya mwisho wa mwezi iliondoka bila Bénie, na ya mwezi uliofuata pia. Kisha likatoka neno moja, "maji". Kisha "mama", na Berthe akakaa chini mchangani, akalia mbele za watu. Baada ya hapo maneno yalikuja kama chisense msimu wake, ya Kibemba na ya Kiswahili pamoja.

Jioni moja Berthe alimchukua mtoto wake kwa mkono, beseni kichwani. Walipita ufukweni.

"Mama, ile nini?"

"Ile wavu."

"Na ile?"

"Ile kasia."

"Na ile?"

Kidole kilionyesha kitu cheusi, kinaelea karibu na matete. Berthe alikaza macho. Pengine gogo. Pengine kibuyu. Miguu ilimuuma, na unga wa bukari, ule ugali wa jioni, ulikuwa haujanunuliwa.

Aliteremsha beseni.

"Sijui, mama," alimwambia binti yake. "Nipe mukono. Tuende tuangalie."