Nusu ya Maneno ya Fadhul

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Kiden alikoroga uji, akaupoza, kisha akamshikia kikombe mdogo wake Mogga ili anywe. Mogga alikuwa na miaka mitano, na mkono wake wa kulia haukuweza kushika kitu. Mwaka ule mama yao alipofariki, mtoto huyo aliangukia motoni jikoni. Vidonda vilipopona, vidole vilikuwa vimeshikana kama ngumi isiyofunguka. Zahanati waliyomkimbizia haikuwa na dawa siku ile. Ilikuwa na rangi mpya ukutani na picha ya mkubwa aliyekuja kuizindua.

"Mwakani anatakiwa aanze shule," baba yao, Yasiri, alisema mara kwa mara akiutazama mkono ule. "Ataandika na nini?"

Sasa tumaini lilikuwepo. Madaktari wa upasuaji walikuwa wanakuja hospitali ya Arua kwa wiki moja tu. Muuguzi alikuwa amemweleza Yasiri waziwazi: "Zamu ya mtoto ikifika tutakupigia simu. Usipopokea, tutamwita mwingine. Na akishapasuliwa, utakuwa unatutumia picha za kidonda kwa simu, usihangaike na safari kila mara."

Simu ya zamani ya Yasiri ilikuwa imekufa, na hata ilipokuwa hai haikujua kupiga picha. Basi akauza mbuzi, akamchukua Kiden, wakapanda gari kutoka Koboko hadi Arua mjini. Alimchukua Kiden kwa sababu yeye mwenyewe aliacha shule akiwa mdogo, na Kiingereza cha kwenye maboksi kilimpita pembeni.

Walipofika kwenye duka la simu la Fadhul, adhana ya adhuhuri ililia.

"Muulize huyu kila kitu," Yasiri alimwambia binti yake. "Mimi naenda kuswali. Nikirudi uniambie ipi inatufaa."

Fadhul aliweka simu mbili juu ya kioo cha meza. Moja ilikuwa nene, nyeusi, haina urembo wowote. Nyingine ilikuwa nyembamba, ya buluu, yenye macho matatu ya kamera mgongoni.

"Nikuambie ukweli, dada," alisema Fadhul. "Kwa pesa ya mzee wako, hupati simu yenye kila kitu. Lazima uache kitu. Hii nene inakaa na chaji siku mbili, ila picha zake ni hafifu kidogo. Hii nyembamba picha zake ni kali, ila betri ndogo, jioni haifiki. Na hayo macho mawili ya chini ni urembo tu. Kwenu umeme uko?"

"Nguzo ziko," alijibu Kiden.

Fadhul akacheka. "Nguzo hazichaji simu!"

Kiden alicheka pia, lakini jicho lake halikutoka kwenye ile ya buluu. Alimkumbuka Aminah, rafiki yake wa darasani, alivyomsema msichana mmoja mwenye simu nene: "Hiyo ni simu au tofali? Mkimaliza kujenga choo mtuite." Darasa zima lilicheka. Kiden hakutaka kuchekwa namna hiyo.

Yasiri aliporudi, Fadhul alikuwa anamhudumia mteja mwingine.

"Amesemaje?"

"Baba, hii ya buluu picha zake ni kali. Madaktari wataona kidonda vizuri."

"Na ile nyingine?"

"Picha zake ni hafifu."

Kila neno lilikuwa kweli. Habari ya betri hakuitaja. Yasiri akaitikia kwa kichwa, akalipa.

Kule Ludara, kijijini kwao karibu na Koboko, nguzo za umeme zilikuwa zimesimikwa wakati wa kuomba kura. Kura zilipigwa, waya hazikuja, na ndege wakapata mahali pa kukalia. Mwenye simu aliipeleka sokoni kwa mama mmoja aitwaye Viktoria, aliyekuwa na sola juu ya paa la kibanda chake. Ile ya buluu ilikwenda huko kila siku. Asubuhi inang'aa, alasiri imezima.

"Yule Fadhul ametuibia," Yasiri alinguruma jioni moja wakila. "Wenye mali na wenye vyeo ni kitu kimoja. Nikienda Arua nitamtukana mbele ya wateja wake mpaka ajute."

Kiden alirudisha tonge kwenye sahani. Alitaka kusema. Lakini angeanzaje? Akaondoa vyombo, na usiku ule usingizi wake ukawa wa vipandevipande.

Wiki ya madaktari ikaja na mawingu. Siku mbili jua halikuonekana. Shuleni Kiden alisikia mwalimu anaongea bila kuelewa neno, maana alijua simu ilikuwa kibandani kwa Viktoria, imezimwa, ikingoja jua. Wakati wa mapumziko akashindwa kuvumilia. Akakimbia sokoni.

"Mtoto yangu, jua hakuna leo," alisema Viktoria. "Imekula chaji kidogo tu. Simu yenu hii iko na njaa kuliko zote hapa!"

"Shangazi, niwashie tu. Tafadhali."

Simu ikawaka. Ujumbe ukaingia: namba ya Arua ilikuwa imepiga, ikapiga tena, na tena. Kiden akaipigia namba ile.

"Mlikuwa wapi?" muuguzi aliuliza. "Tumeshamwita mtoto mwingine. Sasa sikiliza. Kesho ndiyo siku ya mwisho. Kuna mtoto wa kesho ana homa. Isiposhuka, nafasi yake ni ya Mogga. Nitapiga leo kabla ya giza. Msipopokea..."

Simu ikazima.

Kiden alitimua mbio hadi shamba la muhogo. Baba yake aliinua uso, akaona jasho na machozi, akaliachia jembe.

"Baba, hospitali wamepiga, simu ilikuwa imezimwa. Watapiga tena leo. Na Fadhul hakutuibia." Sauti yake ilipasuka. "Aliniambia betri ni ndogo. Aliniambia ile nene inakaa siku mbili. Mimi sikukuambia. Niliipenda hii kwa uzuri wake."

Yasiri alijifuta udongo mikononi. Kiden alingoja kofi. Halikuja.

"Leo tutafute simu ya kupokea," baba alisema hatimaye. "Mengine baadaye. Kamlete Mogga."

Viktoria aliposikia habari yote, alitoa simu yake ya tochi, ile ya vibonyezo. Akaichomoa laini kutoka kwenye simu ya buluu, akaiweka kwenye kifremu cha plastiki ili laini hiyo ndogo ienee kwenye tundu kubwa la simu ya tochi, akaichomeka. Wakakaa kwenye benchi, simu katikati yao. Mawingu yaliendelea kushuka. Watu wa sokoni walianza kukunja magunia. Mogga aliuliza kama wamekuja kununua sukari.

Simu ikalia. Yasiri aliishika kwa mikono miwili.

"Homa haijashuka," muuguzi alisema. "Mleteni leo hii."

Kesho yake, Mogga akiwa chumba cha upasuaji, Yasiri na binti yake walikaa nje ukutani.

"Kiden," alisema baba. "Mimi nimesomewa karatasi nyingi maishani. Wakubwa wanakuja na gari, wanasoma upande mtamu, tunapiga makofi. Upande wa pili tunaujua tukishaumia. Hakuna neno la uongo walilosema, na bado wametudanganya. Wewe nilikupeleka shule ili nyumbani kwangu awepo mtu wa kunisomea pande zote mbili. Masikini hawezi kununua kila kitu, lazima aache kitu. Lakini anayekwenda kukikosa ana haki ya kuambiwa. Umenielewa?"

"Nimeelewa, baba. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Fadhul utamwambia mwenyewe."

Mogga alitoka salama, mkono umefungwa bandeji nyeupe, kila kidole peke yake. Kabla ya kurudi nyumbani walipita dukani, na Kiden alieleza mbele ya wateja yote aliyoyaficha. Fadhul alikubali kubadilisha simu. Kwa kuwa ya buluu ilikuwa imetumika, Yasiri aliongeza kilichobaki mfukoni, na Fadhul akampa pole badala ya chenji.

Wiki iliyofuata, ilipofika siku ya kutuma picha, Kiden alimpiga Mogga picha ndani ya nyumba. Akaitazama kwa muda, akamwendea baba yake uani.

"Baba, picha haionekani vizuri. Hii simu haipendi giza. Itabidi tumtoe juani kila mara, hata akilia kwamba kunachoma."

Yasiri alisimama, akachukua mkeka ukutani.

"Vizuri umesema," akajibu, akaenda kuutandika katikati ya uwanja, penye jua.