Anayeposwa ni Ketut

Zilibaki siku mbili sikukuu ya Galungan ifike, na soko la Badung lilikuwa halina pa kutia mguu. Ningsih alikuwa ameinamia mafungu ya maua, blauzi ya lesi ya kijani imemkaa utadhani alizaliwa nayo, mshipi wa njano umemkaza kiuno, aliposikia mwanaume akiagiza kilo mbili za maua mekundu bila hata kuyanusa.

"Kaka, hayo ni ya jana," alimwambia. "Ukiwapelekea miungu watakurudishia."

"Mama kaniambia mekundu tu. Hakusema ya lini."

"Na wewe ukitumwa huulizi?"

"Nikimpata mrembo wa kumuuliza, nauliza."

Muuza maua akacheka. Ningsih naye akacheka, ingawa hakukusudia.

"Unaitwa nani, mwenye maneno?"

"Ketut."

Macho ya Ningsih yakang'aa. Sisi watu wa Bali mtoto twampa jina kwa zamu ya kuzaliwa: Putu ni wa kwanza, Kadek wa pili, Komang wa tatu, Ketut wa nne.

"Kwa hiyo mbele yako wako watatu?"

"Watatu," alijibu, na wala hakusema uongo.

Msichana alikuwa na sababu ya kuuliza. Yeye kwa zamu ni Putu, na baada yake hakuzaliwa mtu. Akiolewa akaondoka, madhabahu ya mababu uani kwao yangebaki bila mtu wa kuyawekea sadaka. Alihitaji mume wa kuhamia kwao, na mume wa namna hiyo hutoka kwenye nyumba yenye wavulana wa kutosha. Wachumba wawili alishaachana nao kwa ajili hiyo. Sasa Mungu kamletea wa nne! Aliondoka sokoni na namba yake ya simu.

Ketut alipiga ngoma kwenye kundi la hekalu, Ningsih alifundisha wasichana kucheza, wakawa wanakutana mazoezini. Na kwetu mpiga ngoma ndiye anayemfuata mchezaji: jicho la mchezaji likigeuka tu, mkono wa ngoma unajibu. Miezi mitano Ketut alimtazama hivyo, na Ningsih alipenda kutazamwa, tusidanganyane.

"Laazizi, umekula?" Ketut alipenda kuanza hivyo kwenye simu.

"Nimekula, nimekuachia mifupa."

"Ya kwako hata mifupa mitamu."

"Mwongo mkubwa wewe!"

Ikafika sikukuu ya hekalu la nyumbani kwa kina Ketut. Ningsih alikwenda kusaidia, sinia la matunda kichwani, kifua mbele. Walimpokea wanawake watatu wenye sauti kubwa na mikono yenye unga wa mchele.

"Mimi Putu."

"Mimi Kadek."

"Mimi Komang. Karibu, wifi!"

"Asanteni. Na kaka zake wako wapi?"

Wale dada wakatazamana, wakaangua kicheko. "Kaka gani tena? Dume letu ni hilo hilo moja! Sisi tumeolewa, tumekuja kwa sikukuu tu."

Ningsih alitua sinia, akasali kama inavyopasa, akapanda pikipiki yake na kuzima simu. Alilia barabara nzima.

Siku ya tatu alipokea.

"Ningsih, nimekukosea nini?"

"Uliniambia wako watatu!"

"Si ndio hao watatu?"

"Wanawake, Ketut!"

"Hukuniuliza."

"Ulijua baba ana mimi tu. Nilikwambia kwa mdomo wangu. Miezi mitano umenyamaza!"

"Nilijua. Niliogopa ukisikia utaniacha."

"Nimekuacha kwa sababu ulinyamaza."

"Nakupenda."

"Na mimi nakupenda, ndiyo maana nimekasirika hivi," alisema, akakata.

Lakini Ningsih si mtu wa kulia wiki mbili. Kulipokucha alikwenda kwa mzee wa mtaa, akauliza habari ya ndoa ya nyumba mbili, ambamo mume na mke wote hubaki warithi wa kwao na kubeba ibada za kote kuwili. Ipo, mzee alimwambia, ila kina mama wa wavulana huiogopa. Ningsih akampigia Ketut.

"Jumapili uwe nyumbani, ujivike vizuri."

"Kuna nini?"

"Unaposwa."

Jumapili Ningsih alifika na baba yake na mzee wa mtaa, blauzi nyeupe, maua sikioni. Mama yake Ketut aliwaletea kahawa, akaketi. Mgeni kwetu hagusi glasi mpaka mwenye nyumba atamke, na mama hakutamka.

"Sijapata kuona msichana akija kuposa," alisema. "Umekuja kunichukulia mwanangu wa pekee?"

"Hapana, mama. Nimekuja tugawane."

"Na sikukuu ya hekalu la huku na la kwenu zikiangukia siku moja?"

"Haziwezi. Nimehesabu kalenda, zimepishana wiki tano."

Mama alinyanyua nyusi. Kahawa bado ilikuwa mezani.

"Na mtoto wa kwanza atakuwa wa wapi?"

Ningsih alitikisa kichwa. "Hilo sina jibu, mama. Nikikudanganya leo, kesho utanishtaki."

"Mimi ninalo," Ketut alisema, kilemba cheupe kimemkaa sawasawa. "Awe wa kwao Ningsih. Aliyeficha ni mimi, kwa hiyo anayetangulia kutoa ni mimi."

Mama akayageukia madhabahu uani. Macho yalimlowa, naye hakuyafuta.

"Basi wa pili asichelewe, mimi si kijana," alisema. "Kunyweni kahawa, jamani, inapoa."

Baba yake Ningsih ndiye aliyetangulia kunyanyua glasi, na kwa haraka ya furaha akajimwagia.