Saba ya Siale

Asubuhi kijijini kwa Kalolaine, katika visiwa vya Tonga, huanza kwa kishindo. Wanawake hutwanga magome ya miti kwa nyundo za mbao mpaka yawe mapana na laini. Kisha huyaunganisha kwa gundi ya muhogo, wakapata kitambaa kirefu kiitwacho ngatu. Harusi ya Tonga bila ngatu ni chai bila sukari.

Mwezi ule palikuwa na harusi, na msimamizi wa kazi alikuwa Lavinia, wifi yake Kalolaine, dada wa mumewe. Dada wa baba kwa Watonga hajibiwi. Akisema jua ni jeusi, watoto wa kaka yake hutafuta taa.

Lakini Kalolaine mawazo yake yalikuwa kwa Siale, binti yake wa miaka minne. Mwaka ujao Siale angeanza shule. Kalolaine mwenyewe aliiogopa shule alipokuwa mdogo, akaiacha mapema. Aliapa kwamba mwanawe hatarithi woga ule.

Basi kila jioni alimketisha mbele ya chati ya herufi. Alichomoa njiti ndefu kwenye fagio la makuti, akaonyesha herufi, na Siale akaziimba zote bila kukosea. Mama akavimba kichwa. Jioni moja akaanzia katikati ya chati. Siale hakuijua hata herufi moja. Kumbe alikuwa amekariri wimbo tu! Njiti ikatoka kwenye chati, ikamchapa mtoto mguuni.

Tangu hapo, chakula cha jioni kikiisha tu, Siale alisema tumbo linamuuma. Siku moja walimtafuta mpaka wakamkuta amejikunyata nyuma ya pipa la maji. Alikuwa amemwona mama yake ameshika fagio. Na mama alikuwa anafagia uwanja tu.

Kalolaine aliumia sana. Woga aliokuwa akiukimbia, ameuingiza nyumbani mwenyewe. Kesho yake, akimenya mihogo na jirani yake Sepiuta, alimweleza yote. Sepiuta hufundisha watoto wadogo katika ukumbi wa kanisa.

"Mama Siale, umemtuma mtoto apande mnazi kuanzia juu," Sepiuta alisema.

"Sasa nifanyeje? Chati ninayo, fagio ninalo."

"Fagio lako ni zuri. Hebu lilete, tuvunje njiti."

Siale alipoitwa, alikuja macho yakiwa kwenye fagio. Sepiuta alivunja njiti vipande vipande, akampa zote. Akamwambia kila muhogo upewe njiti yake. Siale akagusa muhogo, akaweka njiti, akahesabu. Akagusa mwingine. Alipomaliza, alitaka kuanza tena.

Kisha Sepiuta akachora herufi moja mchangani kwa kidole. "Hii ni S. Jina lako linaanza nayo. Ni yako."

Siale akaifuata kwa kidole chake, mara mbili, mara tatu. Akaitazama sana. Ghafla akakimbia jikoni, akarudi amekumbatia pakiti.

"Mama, sukari imeiba herufi yangu!"

Walicheka mpaka visu vikaanguka. Kalolaine alicheka huku machozi yanamtoka. Wiki nzima nzima za chati hazikumfikisha hapo.

"Anza na anachokipenda," Sepiuta alimwambia. "Anachohesabu akiguse. Akikosea, mwambie tujaribu tena. Na uache akiwa bado anataka."

Nyumba ikachangamka. Siale aligawa vikombe, kimoja kwa kila mtu, na kilipopungua alijua kimepungua. Unga wa mandazi ulifinyangwa kuwa herufi, zikakaangwa, zikaliwa. Kanisani aliwinda S kwenye kitabu cha nyimbo mpaka akanyamazishwa. Jioni waliruka kwenye namba zilizochorwa mchangani, na mama naye akaruka. Tumbo la Siale likapona bila dawa.

Siku ya kupaka ngatu rangi ikafika. Kalolaine alimwosha Siale miguu, akamketisha pembeni. Wifi yake alikuwa ameshasema hataki matope ya mtoto kwenye kitambaa chake. Lavinia aliandika namba pembeni mwa kila kipande, brashi mkononi, maneno mdomoni.

"Wifi, nasikia siku hizi kwako ni michezo tu. Na shuleni ataenda kuruka?"

Wanawake wakacheka. Kalolaine akainama, akaendelea kupaka rangi.

Ndipo Siale aliposimama. "Shangazi, saba iko wapi?"

Wanawake wote wakageuka. Hakuna mtoto aliyewahi kumsahihisha Lavinia, hata kwa kunong'ona.

"Nani ameuliza hivyo?" Lavinia aliuliza.

Kalolaine alijua mwanawe atakimbilia nyuma ya pipa. Siale hakukimbia. Alitembea ukingoni mwa kitambaa, akigusa namba moja moja kwa kidole. "Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, nane. Saba haipo."

Lavinia akainama kutazama. Ngatu huhesabiwa kwa vipande. Mgeni mmoja angehesabu siku ya harusi, ukoo mzima ungeitwa wadanganyifu. Akanyanyuka polepole, akashika kiuno, akacheka mpaka akakaa chini.

"Mdomo wangu umemeza namba!" alisema. "Leteni kiraka na gundi. Na wewe, njoo uiandike mwenyewe."

Walibandika kiraka juu ya ile nane, iliyokuwa namba ya mwisho kuandikwa. Siale akapewa brashi. Kalolaine aliunyoosha mkono ili amshike, lakini Sepiuta, aliyekuwa akipaka rangi kando yake, akamzuia. "Mwache," alisema. Siale akaandika, ulimi nje, jasho puani.

Siku ya harusi ngatu ilikunjuliwa mbele ya wageni. Katikati ya namba zilizonyooka palikuwa na saba moja imeegemea upande, kama imechoka na safari. Mgeni mmoja akauliza nani ameharibu pale.

"Koma," Lavinia alimjibu. "Hiyo imeandikwa na mwalimu wangu."

Kalolaine alirudi nyumbani anaelea kwa furaha. Akakaa kibarazani kupumzika. Akasikia kitu kikiburuzwa kutoka jikoni. Alikuwa Siale, analivuta fagio kwa mikono miwili.

"Mama, leo tunacheza nini?"