Meno ya Mnyororo Kwenye Shuka ya Hindu

— Darwesh, shika hii nguo. Shika vizuri, uniambie unaona nini.

Darwesh alikuwa amechuchumaa mbele ya duka la baba yake pale Rumonge, baiskeli ameipindua miguu juu, mikono myeusi tii. Kuinua macho hivi, mchumba wake Asiya amesimama mbele yake na shuka ya merikani. Hakumpa mkononi. Alimtupia usoni.

— Naona shuka. Iko na doa la mawese. Rumonge nzima iko na doa la mawese, Asiya.

— Doa la mawese linakuwa duara. Hili iko na meno.

Na kweli lilikuwa na meno. Vijino vidogo vyekundu vimejipanga kwenye pindo, kimoja, kimoja, kama panya mwenye mdomo wa mawese amepita anauma nguo kwa mstari.

Nyie, ngojeni kwanza niwaweke sawa, maana bila hili hamtaelewa kwa nini yule dada alimtupia mchumba wake shuka usoni. Ni mwaka 1914, Wadachi bado wanatawala, reli imefika Kigoma juzijuzi tu. Kutoka Kigoma zimevushwa baiskeli tatu hadi Rumonge, na watu wa huku wanaziita kinga. Moja ya Darwesh, moja ya rafiki yake Azzan, moja ya Alimasi, ambaye amemuoa Mwamini, dada mkubwa wa Asiya. Vijana watatu, basi hawakamatiki. Kila Jumamosi asubuhi wanatoka Rumonge, wanapita Kizuka, wanafuata kinjia cha kando ya ziwa katikati ya michikichi mpaka Kabezi. Wanalala huko, Jumapili wanarudi wamejaa vumbi na kelele.

Sasa Asiya na mama yake ndio wapika mawese. Kwa hiyo Darwesh, kwa mapenzi, mnyororo wa kinga yake alikuwa anaupaka mawese ya mchumba. Fundi wa boma alimwambia, bwana, hayo yanaganda, yanashika vumbi, paka mafuta ya kondoo kama wenzako. Akakataa. Kibuyu cha mawese kilikuwa kinaning'inia chini ya kiti kama hirizi. Kwa hiyo pwani yote ile, kinga ya kung'ata nguo kwa rangi nyekundu ilikuwa moja tu.

— Shuka ya nani hii? Darwesh akauliza.

— Ya musichana anaitwa Hindu, mutoto wa duka la Kabezi. Amekuja na shangazi yake kununua mawese kwetu. Akanivuta pembeni, akaniuliza, "Dada, nyinyi wenye mawese, doa hili linatoka na nini?" Nikamuuliza limekupataje. Akacheka, akafunika mdomo. "Mchumba wangu alinipakia kwa kinga yake. Usimwambie shangazi." Akaniachia shuka nimutolee doa.

— Na wewe ukasema nini?

— Nikamuuliza mchumba wako nani. Unataka kusikia alisema nani?

Darwesh akafuta mikono kwenye suruali, polepole.

— Alisema Darwesh, Asiya akamalizia. Wa Rumonge. Kijana hajaoa, baba yake iko na duka. Atakuja kumuoa kabla ya mfungo. Kabla ya mfungo si ndiyo umeniambia na mimi?

— Alisema jina langu?

— Kwani nimesema kwa Kidachi?

— Asiya, sijapakia mwanamke yeyote.

— Basi kinga ilikwenda peke yake Kabezi kumposa Hindu.

Uso wa Darwesh umebadilika rangi, si uso wa mtu aliyefumaniwa, ni uso wa mtu aliyeibiwa. Lakini Asiya hakuwa na muda wa kusoma nyuso.

— Nipe mpaka Jumamosi, akasema.

— Ufanye nini Jumamosi? Ukambembeleze?

— Kuna kitu siwezi kusema. Sisi watatu tumekula chumvi moja.

— Na mimi na wewe tumekula nini? Mchanga?

Akageuka akaondoka na ile shuka.

Kesho yake Asiya akamwandikia barua kwa herufi za Kiarabu alizojifunza chuoni, mkono umekaza mpaka karatasi imetoboka:

"Kwa Darwesh. Salamu sina. Kibuyu changu nirudishie. Wazee wangu nitawaambia posa imekufa na nitawaambia imekufa kwa ugonjwa gani."

Jibu likaja kabla ya adhuhuri:

"Naapa sikumpakia. Usiniulize ni nani, Asiya, jibu litakuumiza kuliko swali."

Asiya akaigeuza karatasi, akaandika nyuma, akairudisha:

"Basi nitamuuliza mwenye shuka."

Mwamini alimkuta dada yake uani anaponda chikichi kwenye kinu kana kwamba chikichi zimemtukana. Mwamini alikuwa na mtoto mgongoni, Hadji, hajamaliza miezi mitano.

— Mudogo wangu, kinu kitapasuka.

— Kipasuke.

— Wanaume wa kinga ndivyo walivyo, wanaota mabawa. Mimi nashukuru Mungu, shemeji yako akirudi Jumapili iko hoi, analala tu mpaka kesho. Hana nguvu ya ujinga.

— Yaya, dada yangu mkubwa, una bahati.

— Si bahati. Bangili zangu mbili za fedha ndizo zilizogeuka kinga yake. Mutu hawezi kuchezea bangili za muke wake.

Asiya akaendelea kuponda.

Jumamosi hiyo Hindu alikuwa bado Rumonge, shangazi anasubiri mtumbwi wa kurudi. Siku zote hizo msichana hakuthubutu kumuulizia mchumba wake, maana mwenyewe alimkataza: baba yangu mkali, ukifika Rumonge usitaje jina langu. Lilimponyoka kwa Asiya tu. Asiya akamfuata asubuhi.

— Twende ukamuone mchumba wako anavyotoka.

— Kweli, dada? Shangazi je?

— Shangazi nimemwachia uji. Twende.

Njiani Hindu akawa anaongea tu. Mjomba ameshakubali. Mchumba anakula kwao, anapenda visamaki vya ndagala vya kukaanga, anacheka vizuri. Asiya alikuwa amepanga kumchukia. Akamtazama, mtoto wa watu amejipaka wanja upande mmoja umezidi, hasira ikakosa mahali pa kukaa kwa Hindu. Ikarudi yote kwa Darwesh.

Mbele ya duka kinga tatu zimesimamishwa. Azzan anajaza upepo. Darwesh amesimama mbali na wenzake, mikono kifuani, hajalala huyo. Na Mwamini, mtoto mgongoni, anamfungia Alimasi furushi la chakula nyuma ya kiti.

— Yule pale, Hindu akasema.

— Yule aliyesimama peke yake, Asiya akasema.

— Hapana. Yule anayefungiwa chakula. Yule mama mwenye mutoto ni dada yake?

Asiya akamshika mkono amrudishe, ghafla akataka yote yasiwe, arudi nyumbani akaponde chikichi. Lakini Hindu ameshachomoka, anakwenda mbio na ndala zake, anaita kwa furaha.

— Darwesh.

Wanaume wawili wakageuka.

Darwesh mwenyewe aligeuka kwa sababu ni jina lake. Alimasi aligeuka kwa mazoea. Alipotambua alichofanya, shingo ilishageuka, na mke wake alishaiona.

— Baba Hadji, Mwamini akasema, taratibu kabisa. Umeitwa wewe?

— Mama Hadji, huyu mutoto amekosea.

— Nimekosea? Hindu akasema. Jumamosi iliyopita umekula kwetu. Ulinipakia mpaka kwenye shamba la mjomba, kinga ikang'ata shuka yangu, ukasema utaninunulia nyingine. Huyu ni nani?

— Mimi? Mwamini akasema. Mimi ni bangili.

Hindu hakuelewa. Alimasi alielewa, akatazama chini.

— Kinga ni ya Darwesh, Alimasi akajaribu. Muulizeni Darwesh. Alama nyekundu ni ya kwake, kila mutu anajua.

Hapo Darwesh akasogea.

— Azzan, waambie habari ya mtoni.

— Mimi sitaki ugomvi, Azzan akasema.

— Waambie.

Azzan akakuna kidevu.

— Kinga yangu ni nzito kama kitanda cha boma. Kwa hiyo tukifika mtoni, kule mbele ya Kizuka, tunabadilishana, ili mutu mmoja asife peke yake. Zamu iko. Lakini Alimasi kila mara anaomba ya Darwesh kwa upande wa Kabezi. Anasema inamwonyesha kijana. Siku ile aliichukua yeye.

— Na jina langu alilichukua lini? Darwesh akamuuliza Alimasi. Kinga nilikuazima. Jina nilikuazima lini?

— Tumekula chumvi moja, ndugu yangu, Alimasi akasema.

— Chumvi ilikuwa ya kwangu, Mwamini akasema. Mimi ndiye nilipika.

Akaanza kufungua lile furushi. Fundo alikuwa amelikaza mwenyewe, akalifungua mwenyewe, hana haraka. Mihogo na ndagala akampa Hindu.

— Mutoto wangu, kula. Safari ya Kabezi ni ndefu. Mwambie mjomba wako Darwesh wenu iko na muke na kijana wa miezi mitano.

Kisha akashika usukani wa baiskeli.

— Achia, akamwambia mumewe.

— Mwamini, watu wanaangalia.

— Ndiyo. Achia.

Akaachia. Na Mwamini, Hadji mgongoni, akaisukuma ile kinga katikati ya barabara ya Rumonge mpaka nyumbani kwa mama yake. Wiki ile ile alidai talaka mbele ya wazee wa msikiti, akaipata.

Pale dukani Darwesh akamgeukia Asiya. Maskini, alidhani yameisha.

— Umeona sasa? Si mimi.

— Ulijua.

— Nilijua iko na mutu Kabezi. Jina langu, naapa, nimelisikia kwako.

— Ndiyo. Na uliposikia jina lako limeibiwa, uso wako ukabadilika, nilikuona. Dada yangu kila Jumamosi anamfungia mumewe chakula cha kwendea kwa mwanamke mwingine, na wewe unasimama pembeni unajaza upepo. Uso wako haukubadilika hata siku moja.

— Nilikuwa nalinda nyumba ya dada yako.

— Ulikuwa unalinda safari zenu. Kibuyu changu.

Darwesh akakifungua chini ya kiti, akampa.

Wiki tatu Asiya hakumpa hata salamu ya amahoro. Darwesh akaenda kwa Mwamini, akakaa chini uani, bila mkeka.

— Ulikula kwangu, Mwamini akamwambia.

— Ndiyo.

— Ukaniangalia nikifunga lile furushi.

— Ndiyo, yaya.

— Mara ngapi?

— Kila Jumamosi.

Mwamini akamwacha hapo mpaka jua likamfikia utosini. Ndipo akasema:

— Basi Jumamosi hizo nilipe. Hii kinga yangu inakaa kama kuku. Nifundishe.

Jamani, Rumonge haikuwa imeona mambo hayo. Mwanamke amefunga nguo yake kwa kamba juu ya kisigino, yuko juu ya kinga, na Darwesh, mtoto wa duka, anakimbia nyuma ameshika kiti, jasho linamtoka.

— Darwesh, umekuwa mulezi wa watu? wakamcheka wavuvi.

— Shika njia, yaya, usiwaangalie, ndilo jibu lake.

Akimaliza kumfundisha, anapanda ya kwake kurudi dukani, na hapo ndipo ilipokuwa shida. Mnyororo ulikuwa mkavu. Mafuta ya kondoo alikataa kupaka, na mawese hana. Kinga ilikuwa inalia mtaa mzima. Kila ikipita nyuma ya ua, Asiya anasaga meno.

Jumamosi ya nne akatoka nje, akasimama katikati ya njia. Darwesh akafunga breki, akashuka.

— Hiyo kitu yako inalia kama mbuzi wa sadaka.

— Najua.

— Watu wanalala mchana.

— Najua, Asiya.

— Kule mtoni mutabadilishana tena?

— Kinga yangu haipiti mkono wa mutu.

— Sijauliza kinga.

Darwesh akasema:

— Nikiona kitu nitakuambia. Hata kikikuumiza. Hata ukinichukia kwa kukuambia.

— Na chumvi yenu?

— Chumvi nitakula kwako.

Asiya bado alikuwa na hasira, msidhani ilimtoka. Lakini mkono uliokuwa nyuma ya mgongo akauleta mbele, na ndani yake kuna kibuyu.

— Paka mwenyewe. Na kidogo. Yanashika vumbi.

Walifunga ndoa siku kumi kabla ya mfungo. Mwamini alichelewa kufika, watu wakaanza kuuliza yuko wapi. Akatokea upande wa Kizuka, peke yake, anakanyaga kinga yake, kibuyu cha mawese kinaning'inia chini ya kiti, na kengele anaipiga hata pasipo na mtu. Aliposhuka, kwenye pindo la shuka yake mpya ya merikani kulikuwa na mstari wa vijino vyekundu.

Hakuna aliyemuuliza ni kinga ya nani.