Mraba wa Kumi na Saba

Sakafu ya chumba cha mama ilikuwa na joto. Si joto la jua, maana dirisha lilitazama ukuta wa jirani. Lilikuwa joto la mahali palipopikiwa muda si mrefu.

"Umewasha nini humu, mama?"

"Niwashe nini na gesi imeisha tangu juzi? Wewe msomi ndiye utuambie."

Msomi. Ndilo jina binti yake alilobandikwa mtaani kwa miaka minne aliyokaa nyumbani na digrii zake mbili, akitumwa vitunguu na watu waliofeli darasa la saba. Sasa alikuwa na kazi, mkataba wa miezi mitatu na ahsante nyingi: kutafuta makazi ya watu wa kale yaliyofukiwa ardhini kabla kampuni ya ujenzi haijamwaga zege juu yake. Droni hupiga picha kiangazi. Palipochimbwa mtaro zamani, nyasi huchelewa kukauka, na kijani chake huchora umbo la kilicho chini. Kisha mtu hupita na kipima sumaku, mstari kwa mstari, bila ufunguo wala kifungo cha chuma mwilini, nacho kinamwonyesha udongo uliowahi kuungua.

Katika miraba iliyogawanywa eneo hilo, wa kumi na saba ulikuwa na duara la kijani lenye uwazi upande wa mawio. Nyumba kabisa, na mlango wake. Naye hakuupima. Jua lilikuwa kali, bosi alitaka ripoti Ijumaa, basi akaingia garini akawasha kiyoyozi. Jioni akanakili vipimo vya mraba wa tisa, akavigeuza juu chini, na kile kijani kwenye picha akakipaka rangi ya nyasi kavu. Copy, paste, finish. Akaandika kwamba hapo hapana kitu.

"Huyu ndiye mtu wa kazi!" bosi alisema mbele ya ofisi nzima. "Mkataba wa kudumu huo unakuja." Wakampigia makofi. Alitabasamu, masikio yakimwaka.

Siku ya tatu tangu sakafu ya mama ipate joto, ikaja harufu ya majivu yaliyomwagiwa maji. Siku ya tano, mchana kweupe, kitu kikaanza kutwanga chini ya saruji, taratibu, kama mtu asiye na haraka. Mama akaacha kitanda. Akawa analala sakafuni, amejikunja magoti kidevuni, uso kaelekeza mawio, na Msomi, aliyeona mifupa ya kale ikiwa imelazwa hivyo hivyo vitabuni, akatoka chumbani kinyumenyume.

Mganga aliyemwita alikuwa mwanamke mnene, asiyependa maneno mengi. Aligusa sakafu, akautoa mkono upesi.

"Jini hili halikutumwa na mtu," akanong'ona. "Lina kwao. Nani kalifutia nyumba?"

Msomi akatazama kucha zake.

"Kumbe unajua. Basi mimi sina dawa. Waliosikia uongo wako ndio wasikie ukweli, kwa mdomo wako, kabla hilo zege halijamwagwa."

"Watanifukuza kazi, bibi."

"Sasa nifanyeje, binti? Nikusemee?"

Asubuhi alisimama kwenye mkutano.

"Bosi, sorry. Kuhusu mraba wa kumi na saba…"

Kila shingo ikageuka. Walikuwa wale wale waliompigia makofi, na bosi alikuwa bado anatabasamu.

"…kipimo kilikuwa na hitilafu. Kidogo tu."

"Kidogo cha kutusimamisha?"

Akilini alimwona mama yake pale sakafuni. Aliwaona pia watu wa mtaani wakimtuma tena vitunguu.

"Hapana," akasema. "Si cha kuwasimamisha."

"Safi. Magari yameshafika kule, wanamwaga saa nne."

Akaketi. Mpaka saa tisa hakuinua macho mezani, kisha akaondoka bila kuaga, akatembea, akakimbia, viatu mkononi, akijiambia kwamba mama atakuwa ameshapona na kuinuka, kwamba atamkaripia kwa kuchelewa, kwamba kesho ataomba kuonana na bosi faraghani na kumweleza yote bila kuficha, na alipofungua mlango akakuta viti, kabati na kitanda vimesukumwa ukutani vikafanya duara, na katikati, sakafu ikiwa imefagiwa ikang'aa, mama ameketi wima.

"Karibu, mgeni," mama akasema, kwa adabu, kama anavyokaribishwa mtu asiyejulikana.

"Mama, ni mimi."

"Mama?" Akalirudia lile neno polepole, kama analionja. "Yule wa chumba hiki? Ameshuka kule nilikotoka. Asubuhi alikuita sana, kwa jina lako la kuzaliwa."

"Saa ngapi?" Msomi akauliza, ingawa alijua.

"Saa nne. Alikuita mpaka zege likamfika mdomoni."