Nilikuta Jeneza Langu Kwenye Kompyuta ya Mjukuu Wangu

Jeneza lilikuwa limeshachorwa. Lilibaki kukatwa tu.

Lilikuwa kwenye kioo cha kompyuta, na pembeni yake maneno yamepangwa kama fomu ya hospitali.

Aina: Jeneza.

Mbao: Ngumu, ya kupigwa msasa.

Urefu wa mwili... umejazwa.

Upana wa mabega... umejazwa.

Jina: Bibi.

Wajukuu zangu mnaonisoma, karakana yetu nzima ina bibi mmoja tu. Ni mimi.

Nilikuwa nimeshika sinia la chai. Nikaliweka mezani taratibu, nikageuza vikombe mpaka mishikio yote ikatazama upande mmoja, kama ninavyopenda. Halafu nikasoma tena kuanzia juu.

Sikupiga kelele. Nilichowaza ni kwamba mabega yangu wameyazidisha.

Ngoja niwaeleze...

Karakana aliianzisha marehemu mume wangu, sasa anaiendesha mwanangu. Wanatengeneza meza, makabati, milango, na majeneza pia, maana watu hawaachi kufa. Mume wangu alichora kwa penseli aliyoichomeka nyuma ya sikio. Siku hizi anayechora ni binti wa mwanangu, kwa kompyuta. Tunamwita Rula, kwa sababu amenyooka mwili na maneno.

Rula aliwahi kunionyesha. Kwenye ile programu huchori mistari, unachagua kitu. Ukichagua meza, inakuletea visanduku vya kujaza: urefu, upana, aina ya mbao. Ukijaza, meza inajichora yenyewe. Kisha mashine ya kukata inasoma ulichojaza, inakata. Haina cha kuuliza. Ukiandika jeneza, inakata jeneza.

Na Rula alikuwa ameandika jeneza.

Mwenyewe alikuwa nje anapatana bei na mteja. Nikaiacha chai pale, nikaondoka.

Njiani kurudi nyumbani mambo yakaanza kujipanga kichwani. Siku chache nyuma nilipelekwa kliniki, na daktari akamwita mwanangu pembeni. Waliongea mlangoni, sauti chini. Mwanangu alirudi uso umemshuka, nikamuuliza kuna nini, akasema daktari ananisalimia.

Daktari ananisalimia... na mimi nimetoka kukaa mbele yake.

Kisha Rula akaja na futi kamba. Eti ananipima gauni. Akanipima nikiwa nimelala kwenye kochi, kutoka utosini mpaka kisigino. Gauni gani hilo jamani, linalopimwa mtu amelala?

Nikaelewa. Ugonjwa wangu wanaujua wao. Mimi nimeachiwa kuumwa tu.

Jioni ile mkwe wangu, mama yake Rula, alinipakulia nyama mpaka sahani ikafurika. "Kula mama, upate nguvu."

Nikamtazama. Nguvu za kwenda wapi?

Lakini sikuwa na hasira, na hilo ndilo nataka mlielewe. Tangu mume wangu aondoke nilikuwa kama redio iliyozimwa, ambayo watu wanaendelea kuipangusa vumbi. Kitandani kwetu nilikuwa silali tena. Nililala kwenye kochi la sebuleni, nikisingizia joto. Kwa hiyo habari ya jeneza niliipokea kama mtu anavyopokea habari kwamba maji yamekatika. Unatafuta ndoo, basi.

Nikaanza kugawa vitu. Gauni langu la bluu nikampelekea shoga yangu wa jirani. Akaniuliza kama nahama, nikamjibu ni kama hivyo. Akalijaribu palepale, likambana kifuani hata vifungo vikalalamika, akasema litakaa tu, yeye ndiye atakayepungua.

Halafu nikaacha vidonge vya presha.

Vya nini? Mtu hapaki rangi nyumba inayobomolewa.

Kila asubuhi nilitoa kidonge, nikakiviringisha kwenye kipande cha karatasi, nikapita karakana kama ninayesalimia, nikakifukia kwenye maranda, yale mabaki ya mbao iliyopigwa randa. Mkwe wangu akiuliza kama nimemeza, nasema nimemeza.

Hatari haikuwa kwenye kompyuta, wajukuu zangu. Ilikuwa kwenye yale maranda.

Asubuhi moja niliinuka kwenye kochi ili nikafungue dirisha. Kisogo kikagonga kwa ndani, kama mtu anabisha hodi. Mkono wa kushoto ukawa si wangu. Nikaona kapeti kwa karibu sana, nikaona na makombo ya mkate ambayo nilisema mara nyingi yafagiliwe.

Nikazindukia wodini.

Mwanangu alikuwa miguuni pa kitanda. Rula macho yamevimba. Mkwe wangu ameshika kiatu changu kimoja, sijui alikuwa anakipeleka wapi. Daktari alikuwa ameshawaambia kwamba presha ile ni ya mtu asiyetumia dawa kabisa.

"Mama, dawa ulikuwa unameza?" mwanangu akauliza.

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Nimeliona jeneza langu."

 Rula akakaa chini, sakafuni, kama mzigo uliokatwa kamba.

"Bibi," akasema, "kile ni kitanda."

Nikadhani wananifariji. Lakini Rula hajui kufariji, anajua kunyooka tu.

Akaeleza yote. Daktari alimwambia mwanangu mifupa yangu imekuwa myepesi, na nikianguka nyonga haitaunga. Mwanangu akaificha ili nisiogope. Kumbe walijua siku nyingi kwa nini nimekimbia kitanda chetu. Ni kirefu kwenda juu. Marehemu alikitengeneza kwa kipimo cha miguu yake yeye, mimi nikikaa ukingoni miguu inaning'inia. Nilishaanguka hapo nikajizoa mwenyewe, nikadhani hakuna aliyesikia. Walisikia. Wakaamua wanitengenezee kitanda cha kipimo changu, kije ghafla, nifurahi.

"Sasa kwa nini uliandika jeneza?"

Rula akamtazama baba yake kwanza.

"Bibi, meza yetu inauliza urefu wa meza. Kabati linauliza upana wa kabati. Kitanda kinauliza godoro. Kwenye programu yote hakuna kitu kinachouliza mwili wa mtu... isipokuwa jeneza. Nikakujaza pale kwanza, ili nihamishe vipimo kwenye kitanda. Nikaitwa nje kabla sijahamisha."

Mwanangu akasema yeye ndiye aliyeagiza programu ipangwe hivyo. Wanaonunua kiti, akasema, huwa wanachukua kilichopo bila kupimwa.

"Mama, mbona hukuuliza?"

"Nikaona mmeshajaza."

Akageukia dirishani. Aliyecheka ni mkwe wangu, kile kicheko kibaya cha mtu aliyekesha. "Na ile nyama yote," akasema. Akaanza kulia.

Wasomaji wangu, somo lenyewe ni fupi. Mgonjwa aambiwe ugonjwa wake. Na anayeona jambo aulize, hata kama sinia la chai limo mkononi. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kujibu peke yako swali la watu wanne. Na vipimo vya mtu vichukuliwe angali anaweza kusema hapa panabana.

Lakini sijamaliza.

Nimerudi nyumbani. Kitanda kimekuja, kifupi, miguu inagusa chini. Mkono umerudi, ila unachelewa. Rula ameongeza visanduku vya mwili kwenye kiti, meza na kitanda. Juzi nikapita karakana, nikamwomba afute jina langu kwenye lile jeneza, maana bado lilikuwemo.

Akafuta jina. Programu ikagoma. Rula akasema jeneza halikubali kukaa bila jina, itabidi tulifute lote.

Akabofya. Pakatokea swali, nami nikalisoma mwenyewe: Una uhakika?

Rula akageuka. "Bibi, una uhakika?"

Nilitaka kujibu haraka, kama mtu anayejibu salamu.  Lakini nikamfikiria yule aliyekitengeneza kile kitanda kirefu, na jinsi ambavyo ningekuwa nimeshamfikia. Fundi mmoja alikuwa anapiga randa pale nje, nikamsikiliza mpaka akafika mwisho wa ubao. Rula hakunihimiza. Kidole kilikuwa juu ya kitufe, kimetulia.

"Futa," nikasema.

Haikutoka kwa nguvu. Lakini ilitoka.