Maneno Yangu Ndani ya Simu ya Wageni

Nilitaka kufuta picha moja tu kwenye simu ya wageni... na simu ikanijibu kwa maneno yangu mwenyewe.

"Ukikifuta hiki, usije ukanililia."

Ndugu zangu mnaosoma hapa, nikayasoma mara mbili.

Maneno yale niliyatunga mimi, enzi zile nikiwa mwanafunzi wa shule ya usiku, kamusi mkononi. Kiwanda chetu cha simu kilikuwa na mfumo endeshi wake, ile roho inayoifanya simu iwe simu, na kila neno lake la Kiswahili nililiandika mwenyewe. Nani mwingine anaweza kusema hivyo?

Lakini soko lilitukimbia. Watu walitaka programu wanazoziona kwa wenzao, na kwetu hazikuwepo. Ndipo binti yangu, meneja wa kiwanda, akaleta wageni. Sharti lao: tuuache mfumo wetu tukodi wao, ama tufunge milango, na wafanyakazi wote warudi makwao.

Wageni walikuwa wawili, wapole kupita kiasi. Chai yetu hawakuigusa. Mmoja alilipima dirisha la ofisi yangu kwa macho, kama mtu anayechagua pazia.

Mkataba ulikuwa mezani. Nikasema kabla ya kusaini niishike simu yao kwanza...

Basi nikamwambia mkubwa wao, polepole, kwamba huu ni mfumo wetu uliopakwa rangi mpya.

Hakukana. Akatabasamu, akasema watatupisha kidogo.

Hawakuuliza njia. Walitoka kwa mlango wa nyuma, ule wa karakana, tunaoujua sisi wenyewe tu...

Tukabaki wawili, mimi na binti yangu.

"Nani kawauzia?"

Akausogeza mkataba kando.

"Mama, nakuuliza kama baba yako."

"Kaa kwanza, Baba."

"Nikae vipi na mwizi yumo humu ndani?"

Nikamtaja fundi mkuu. Nikataka polisi waitwe. Binti yangu akaniacha nimalize yote.

"Ni mimi," akasema. "Mwaka jana. Ile mishahara uliyokuwa ukiwagawia watu kwa mkono wako, ukijisifu kiwanda hakijawahi kulala njaa, ulidhani inatoka wapi? Simu zenyewe zilikuwa zinajaa vumbi tu."

Nikakaa.

"Kwa hiyo wanatukodishia kilicho chetu?"

"Kilichokuwa chetu. Usiposaini, wanazima hata simu zilizo mikononi mwa watu. Wanaweza, Baba. Wakiwa kwao huko."

Dirishani niliona zamu ya mchana ikiingia, watu wakitaniana. Mama mmoja wa kufunga maboksi akanipungia mkono.

Nikampungia. Kisha nikasaini.

Leo bado naitwa mwenye kiwanda. Ila nikitaka kuingia karakana, nabisha hodi, na anayenifungulia ni mgeni.

Wanangu, ukiona mali yako mkononi mwa mtu baki, usikimbilie kuita mwizi. Uliza kwanza nyumbani: jana tulikula nini?